Mchoro wa Moyo Unapogoma Kusomeka: Matatizo ya ECG Yanayojirudia Wodini

Karibu kila wiki naletewa karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, na kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, au na muuguzi wa zamu, na swali ni lile lile: “Dokta, hii ni nini?” Nami huanza kwa kuuliza: mgonjwa yukoje? Anaongea? Jasho linamtoka? Presha yake ngapi? Ana mchoro wa zamani kwenye faili? Mara nyingi majibu hayo ndiyo yanayoifungua karatasi. Mchoro uliotengwa na mgonjwa wake umenidanganya mimi mwenyewe, na umewadanganya wengi niliowafundisha.

Hapa nimeyapanga matatizo yanayorudi mara kwa mara kwa jinsi yanavyoonekana machoni: unaona nini, kisababishi kipi ndicho cha kawaida, uanze kukagua wapi, na wakati gani uache kukisia na umwite anayejua zaidi. Nawaandikia matabibu, wauguzi na madaktari wanaoanza. Kama wewe ni mgonjwa uliyeshika karatasi yako, irudishe kwa aliyekupima muisome pamoja.

Jambo moja la kuzoea kabla ya yote. Tazama ukingoni mwa karatasi: kasi iwe milimita 25 kwa sekunde, na kimo kiwe milimita 10 kwa milivolti 1. Kwa kasi hiyo mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Mtu wa zamu ya usiku akiiacha mashine kwenye kasi ya 50, asubuhi kila moyo utaonekana wa polepole, na kila QRS (wimbi la ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, kujikaza) itaonekana pana. Akiiacha kwenye kimo cha milimita 5, moyo uliotanuka kwa presha utaonekana wa kawaida kabisa. Nimeona wodi ikifanya kazi nusu siku kwa kasi isiyo sahihi, na hakuna aliyetazama ukingo wa karatasi.

Mstari unatetemeka, unapanda na kushuka, hausomeki

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na karibu kila mara kosa haliko moyoni. Kuna mitetemo ya aina tatu, na kila moja ina sura yake.

Ukiona meno madogo ya msumeno yaliyolingana, kumi ndani ya mraba mmoja mkubwa, huo ni umeme wa ukutani. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ndiyo unayoiona. Wengi hukimbilia feni na simu, lakini chanzo cha kawaida zaidi ni elektrodi isiyogusa ngozi vizuri: jeli imekauka, kibanio kimelegea, au mgonjwa alijipaka mafuta asubuhi kama watu wote wanavyojipaka. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, nyoa nywele za kifuani kama ni nyingi, weka jeli mpya. Ikishindikana, ichomoe mashine ukutani itumie betri, zima feni iliyo karibu, na hakikisha waya haugusi chuma cha kitanda.

Meno yasiyolingana, mengine marefu mengine mafupi, ni misuli ya mgonjwa. Ana baridi, ana hofu, mikono inaning’inia nje ya kitanda chembamba, au ana ugonjwa wa kutetemeka. Mfunike khanga au shuka, mwambie alaze mikono ubavuni na alegeze mabega, mwelezee kwamba mashine haimpigi umeme. Hofu hiyo ipo, hasa kwa wazee, na sentensi moja ya upole hutuliza mkono kuliko kichujio chochote.

Nikiwa mwanafunzi nilipeleka mbio chumba cha dharura karatasi ya kijana mmoja, nikisema ventrikali zake zinakwenda kasi ya kuua. Daktari aliyenipokea hakuitazama karatasi. Alikwenda kumtazama kijana. Alikuwa amekaa, anatetemeka kwa baridi ya malaria, meno yanagongana, na anaomba maji. Kisha akanionyesha kwa ncha ya kalamu: katikati ya vurugu ile, QRS nyembamba zilikuwa zikipita kwa nafasi zilezile, bila kusumbuliwa. Tangu siku hiyo, nikiona dhoruba kwenye karatasi, kwanza natafuta QRS zinazopita ndani yake.

Aina ya tatu ni mstari mzima kupanda na kushuka taratibu kama wimbi la bahari. Ni pumzi, au waya unaovutwa. Mwombe mgonjwa apumue taratibu, na ulaze waya juu ya kitanda badala ya kuuacha uning’inie.

Ukitaka kujua elektrodi ipi ina kosa, usizitoe zote. Lidi ni pembe ambayo mashine inautazama moyo: lidi I hupima kati ya mikono miwili, lidi II kati ya mkono wa kulia na mguu wa kushoto, lidi III kati ya mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Kama I na II zimechafuka lakini III ni safi, kosa liko mkono wa kulia. Willem Einthoven, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliwatumbukiza watu mikono yote miwili na mguu wa kushoto kwenye vyombo vya maji ya chumvi ili apate lidi hizo hizo tatu. Jeli yako inafanya kazi ya maji yale. Ikikauka, ni kama umemwaga ndoo.

Kichujio cha mashine kiwe cha mwisho. Kinasafisha mstari, ndiyo, lakini kinaweza kufuta vinundu vidogo vya QRS na kupotosha ST (kipande cha mstari kinachofuata QRS), na ST ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Acha kuhangaika na usafi wa mchoro kama mgonjwa anashindwa kulala kwa kubanwa na pumzi. Mpime akiwa ameketi, andika juu ya karatasi “ameketi”, na uendelee na matibabu.

Lidi I imepinduka, au lidi moja imelala kama uzi

P (wimbi la atria, vyumba vya juu vya moyo), QRS na T (wimbi la ventrikali kutulia) zote zikitazama chini kwenye lidi I, huku aVR (lidi ya mkono wa kulia) ikitazama juu, sababu ya kawaida mno ni nyaya za mikono kubadilishana. Lidi II na III nazo huwa zimebadilishana nafasi, lakini za kifuani hubaki sawa. Hapo ndipo pa kutofautisha na moyo ulio upande wa kulia: huko lidi I hupinduka vilevile, ila R (kilele cha QRS) kifuani huzidi kufifia kutoka V1 kwenda V6, lidi sita za kifua. Ukihisi ni hivyo, sikiliza moyo kulia, tazama eksirei, kisha rudia mchoro ukiwa umepanga elektrodi za kifua upande wa kulia.

Lidi II ikilala karibu kunyooka wakati nyingine zinaonekana, waya wa mkono wa kulia na ule wa mguu wa kulia vimebadilishana: mashine sasa inapima mguu kwa mguu. Ikilala lidi III, kosa ni hilo hilo kwa mkono wa kushoto.

Makosa haya huwa mengi pale hospitali inapokuwa na mashine za asili tofauti. Kwenye mfumo wa Ulaya, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Ukizunguka mwili ni kama taa za barabarani, kisha nyeusi. Mashine ya Marekani, ambazo hutufikia nyingi kama msaada, ina nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto na kijani mguu wa kulia. Aliyezoea moja akipewa nyingine atakosea kwa kujiamini kabisa. Soma herufi zilizoandikwa kwenye waya, usiamini rangi.

V1 hadi V3 zinasema mgonjwa alishapata shambulio la zamani

R haikui kutoka V1 kwenda V3, na mashine imechapisha maneno ya kutisha. Kabla hujamwambia mama wa watu kwamba moyo wake una kovu, kagua elektrodi ziliwekwa wapi. V1 na V2 zikiwekwa juu mno, kwenye nafasi ya pili au ya tatu ya mbavu, R hupungua, T ya V2 huweza kugeuka, na P ya V1 na V2 huzama chini. P iliyozama kwenye V2 ndiyo inayomsaliti aliyepima.

Njia ya kuhesabu ni hii. Teremsha kidole kutoka kooni juu ya mfupa wa kifua mpaka ukute tuta. Ubavu ulio sawa na tuta hilo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Shuka mpaka ya nne: V1 kulia kwa mfupa, V2 kushoto. V4 ni nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. V3 ni kati ya V2 na V4. V5 na V6 hufuata usawa wa V4, moja mbele ya kwapa na nyingine katikati ya kwapa. Kwa mwanamke, titi lisiwe kipimo cha lolote. Elektrodi hukaa chini yake. Funga pazia, mpe khanga ya kujifunika, na kama anataka apimwe na muuguzi wa kike, subirini. Nusu ya V4 zilizowekwa juu mno ninazozikuta zimetokana na aibu ya pande mbili, na faragha ndiyo dawa yake.

Nafasi zikiwa sahihi na R bado haikui, fikiria ventrikali ya kushoto iliyotanuka kwa presha, tawi la kushoto la njia ya umeme wa moyo lililoziba, ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, na mwisho kovu la kweli. Mpeleke apimwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti).

Namba ya mashine hailingani na mapigo ya mkononi

Mashine imeandika 160, wewe umehesabu 80 mkononi. Mara nyingi mashine imehesabu T ndefu kama QRS, hivyo kila pigo limekuwa mawili. Jiulize kwa nini T ni ndefu namna hiyo: zikiwa zimechongoka kama hema jembamba, kwa mgonjwa wa figo au anayetumia spironolaktoni (dawa inayobakiza potasiamu mwilini), fikiria potasiamu iliyopanda. Kinyume chake, mashine ikiwa na namba sahihi na mkono ukakupa ndogo, huenda mapigo mengine ni dhaifu hayafiki mkononi, jambo la kawaida kwenye fibrilesheni ya atria (atria kutetemeka ovyo).

Hesabu mwenyewe. Mapigo yakilingana, gawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya R na R. Yasipolingana, hesabu QRS zote katika sekunde 10 uzidishe kwa 6.

Potasiamu ikipanda zaidi, P hufifia, QRS hupanuka, na mwisho yote huungana kuwa wimbi moja nene. QRS pana, mapigo ya taratibu, hakuna P, mgonjwa wa figo: usisubiri jibu la maabara. Mpigie daktari mkuu wa zamu papo hapo na uandae kalsiamu glukoneti ya mshipa.

Mapigo hayana mpangilio

Kwanza jiulize kama fujo yenyewe ina utaratibu. Kijana ambaye mapigo huongezeka anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa ana moyo wenye afya. Mpangilio mzuri unaokatizwa na pigo la mapema hapa na pale ni mapigo ya ziada; mengi hayana madhara, ila yakiwa mengi au mgonjwa akizimia, chunguza. QRS inayokosekana baada ya P iliyojitokeza vizuri ni njia ya umeme inayoziba.

Fujo isiyo na utaratibu wowote, bila P, ni fibrilesheni ya atria mpaka uthibitishe vingine. Kwetu, kwa mgonjwa mwenye umri wa miaka 25 au 30, hasa mjamzito anayehema, fikiria mara moja vali ya mitro iliyosinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Sikiliza moyo, omba eko. Jambo hilo linabadilisha na dawa: mwenye vali iliyosinyaa kiasi cha kati au zaidi hupewa warfarini na kufuatiliwa INR (kipimo cha damu kuganda), si vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, na kama ni mjamzito, uamuzi wa dawa yoyote kati ya hizo ni wa bingwa.

Moyo unakwenda mbio

Pima upana wa QRS kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa chini ya miraba midogo 3, ni nyembamba.

Nyembamba, inalingana, na P zipo mbele ya kila QRS: ni mbio za kawaida, na moyo unakuambia kuna jambo kwingineko. Homa, maumivu, damu iliyopotea, upungufu wa damu, kukaukiwa maji, dawa ya pumu, bonge la damu kwenye pafu. Tibu hilo. Kumpa mgonjwa anayevuja damu ndani dawa ya kupunguza mapigo ni kumnyang’anya kilichobaki.

Nyembamba, inalingana, karibu 180, imeanza ghafla, P hazionekani: huu ni mzunguko mfupi wa umeme. Mgonjwa akiwa na presha nzuri, mwinue kichwa cha kitanda, apulize bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kisha mlaze ghafla huku ukimwinua miguu kwa sekunde 15 nyingine. Katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, njia hii ilirudisha mdundo kwa asilimia 43 ya wagonjwa, na kupuliza kwa mtindo wa zamani kulirudisha asilimia 17 tu. Haigharimu chochote.

Ikikaa karibu 150 bila kubadilika hata mgonjwa akitulia, tafuta mawimbi ya msumeno kwenye II na V1; huenda atria zinapiga 300 na nusu tu ndiyo inayopita.

Pana na inalingana: ichukulie kuwa takikadia ya ventrikali (mbio zinazoanzia ventrikali). Kijana mwenye sura nzuri na presha nzuri anaweza kuwa nayo vilevile. Presha nzuri haiondoi utambuzi. Pana, haina mpangilio, na kasi mno: usimpe verapamili, digoksini wala adenosini, kwa kuwa umeme unaweza kuwa unapita njia ya pembeni na dawa hizo zikaifungulia mlango.

Acha kusoma, ita msaada na vuta mashine ya kushtua moyo, kama mwenye mbio hizi amepoteza fahamu, presha imeshuka, anaumwa kifua, au mapafu yamejaa maji. Kama hana mapigo, anza kukandamiza kifua. Karatasi utaisoma baadaye.

Moyo unakwenda polepole

Uliza dawa kwanza: atenololi, propranololi, digoksini, na dawa za kienyeji. Kisha uliza kazi na michezo. Mwanariadha mwenye mapigo 45 asiye na dalili yuko salama. Mkulima aliyeletwa kutoka shambani mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, mate na jasho vinamtoka, ana sumu ya dawa ya kuulia wadudu mwilini, na anahitaji atropini kwa wingi kuliko ulivyozoea.

Baada ya hapo pima PR, toka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS. Kawaida ni miraba midogo 3 hadi 5. Kama P zinakwenda kwa mwendo wake na QRS kwa mwendo wake, wala hazijuani, njia ya umeme imekatika kabisa. Tazama ST kwenye II, III na aVF, maana shambulio la upande wa chini wa moyo huleta hali hiyo. Mgonjwa huyu hata akitembea mwenyewe, haendi nyumbani. Ni wa rufaa, kwenye kituo kinachoweza kumwekea kifaa cha kusaidia mapigo.

ST imepanda

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa kuna makosa ya pande mbili: kumpa dawa ya kuyeyusha damu asiyehitaji, na kumrudisha nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo mtu mwenye mshipa wa moyo ulioziba.

Kwa vijana wetu wa kiume wasio na dalili, kisababishi cha kawaida zaidi ni mchoro wa kuzaliwa nao. ST hupanda kwenye V2 hadi V5 ikiwa imebonyea kama bakuli, mwishoni mwa QRS kuna kinundu kidogo, T ni ndefu, na lidi za upande wa pili hazishuki. Ukirudia baada ya saa moja, uko vilevile.

Kwa mwenye presha ya miaka mingi, ST ya V1 hadi V3 hupanda kwa sababu S (bonde linalofuata R) ni ndefu mno pale. Jumlisha S ya V1 na R ya V5 au V6; ikifika milimita 35, ventrikali inaweza kuwa nene, ingawa kwa kijana mwembamba wa Kiafrika namba hiyo hufikiwa bila ugonjwa wowote. Tawi la kushoto lililoziba nalo huinua ST, na QRS yake ni pana.

Iliyopanda karibu kila mahali, PR imeshuka, na maumivu huzidi mgonjwa akilala na kupungua akiinama mbele, ni uvimbe wa utando wa moyo. Kwetu usiisahau kifua kikuu. QRS zikiwa fupi kila mahali, chini ya milimita 5 kwenye lidi za mikono na miguu, huenda maji yamejaa. Mishipa ya shingo ikivimba na presha ikashuka, hiyo ni dharura ya kutoa maji, na si kazi ya kujifunzia peke yako usiku.

Sasa shambulio lenyewe. ST imepanda kwenye lidi mbili zinazopakana, milimita 1 au zaidi. Kwa V2 na V3 kipimo ni kikubwa: milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 na kuendelea, 2.5 kwa aliye chini ya hapo, na 1.5 kwa mwanamke. Kinachonithibitishia zaidi ni lidi za upande wa pili kushuka: II, III na aVF zikipanda, tazama aVL. Aidha mchoro hubadilika. Ukiwa na shaka na maumivu yapo, rudia kila baada ya dakika 15 bila kutoa elektrodi kifuani, ili tofauti utakayoiona iwe ya moyo.

Mambo mawili husahaulika. Shambulio la upande wa chini huweza kugusa ventrikali ya kulia: sogeza V4 upande wa kulia, sehemu ileile, upime, na ST ikipanda pale usimpe naitreti (dawa ya kutanua mishipa), presha itaanguka. La pili, ST iliyoshuka V1 hadi V3 pamoja na R ndefu huenda ni shambulio la nyuma ya moyo. Weka elektrodi mgongoni chini ya bega la kushoto.

Mwenye maumivu ya kifua apimwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. Ukishalitambua shambulio, saa ndiyo adui. Atafune aspirini miligramu 300 kama hana zuio, na umpigie simu bingwa huku ukiangalia kama kituo cha kuzibua mishipa kinafikika ndani ya dakika 120. Kama hakifikiki, na maumivu hayajapita saa 12, dawa ya kuyeyusha damu hutolewa pale pale ulipo, baada ya kuhakikisha hana kiharusi cha damu, kidonda kinachovuja wala dalili za mshipa mkuu kuchanika. Uamuzi huo ufanye ukiwa na mkubwa wako kwenye simu, na mwongozo mkononi.

T imegeuka chini

Kwenye aVR ni kawaida, na kwenye V1 au III peke yake hailazimishi ugonjwa. Watoto huwa nayo V1 hadi V3. Wanariadha weusi huweza kuwa nayo hadi V4, ikitanguliwa na ST iliyopinda kama kuba. Ikienda V5 na V6, usiite ya uanariadha, omba eko.

Kwa mtu mzima mwenye presha, T iliyogeuka I, aVL, V5 na V6 pamoja na QRS ndefu ni mzigo wa presha. Ikigeuka V1 hadi V4 na III, mgonjwa anahema na moyo unakimbia, fikiria bonge kwenye pafu.

Moja naliogopa kuliko mengine. Mgonjwa alikuwa na maumivu ya kifua, sasa yameisha, anataka kwenda nyumbani, na V2 na V3 zina T iliyozama sana au iliyopanda kisha ikazama. Mshipa wa mbele unaweza kuwa umebaki uwazi mdogo sana. Usimpe kipimo cha kukimbia kwenye mashine. Mlaze, mpigie bingwa.

QT ni ndefu

Hili limekuwa la kila siku kwenye kliniki za kifua kikuu sugu, ambako bedakwilini, klofazimini na moksifloksasini huongeza QT zikiwa pamoja. Kwinini, haloperidoli, flukonazoli, azithromaisini na methadoni ni ndugu zao.

Anza na kosa la upimaji. Pima kwenye II au V5, toka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, bila kuingiza kiwimbi cha U kinachofuata T. Kisha angalia mashine imetumia hesabu gani. Nyingi hutumia ya Bazett, ambayo huzidisha moyo unapokimbia, na wagonjwa wetu wa kifua kikuu mioyo yao hukimbia. Mfano: QT milisekunde 400, mapigo 100. Bazett itakupa kama 516, Fridericia kama 474. Kwa ya kwanza utasimamisha dawa, kwa ya pili utaendelea na uangalizi. Tumia Fridericia.

Kisha tafuta potasiamu, magnesiamu na kalsiamu. Aliyetapika na kuharisha huwa amezipoteza. QT ikifika zaidi ya 500 kwa Fridericia, au mgonjwa akizimia kwa namba yoyote, simamisha dawa zinazohusika, mlaze, na wasiliana na timu ya kifua kikuu na bingwa wa moyo siku hiyo hiyo.

Mashine imeandika “kawaida”, lakini mgonjwa anaumwa

Mwamini mgonjwa. Mchoro wa kwanza huweza kuwa safi kabisa na shambulio likaendelea. Kompyuta ya mashine hupima vipindi vizuri pale mstari ukiwa msafi, lakini kwenye midundo na ST hukosea mara nyingi, kwa kuona kisichokuwepo na kwa kutokiona kilichopo. Mimi hukunja sehemu yenye maandishi yake nyuma, nasoma mwenyewe kwa utaratibu uleule kila siku: kasi, mdundo, P, PR, QRS, ST, T, QT. Kisha ndipo nafunua.

Ukituma picha kwa bingwa, tandika karatasi juu ya meza kwenye mwanga, piga ukurasa mzima pamoja na alama ya kimo, na ufunike jina la mgonjwa. Andika umri, jinsia, dalili zimeanza saa ngapi, presha, dawa anazotumia, na saa mchoro ulipopigwa. Ule wa zamani ukiwepo, utume pamoja nao.